Athi gani?

Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa hivi. Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti kwenye tope kando ya trela, grainda mkononi, akisafisha ufa ili nipate chuma cheupe cha kuchomelea. Nilisikia sauti moja tu, kama ya mtu aliyebanwa pumzi. Nilipogeuka nikamwona amekakamaa, vidole vimeing'ang'ania grainda, jiwe lake bado linazunguka. Sikumgusa. Hilo angalau nililijua. Niliruka kwenye pikapu nikazima injini ya mashine, na kelele ilipokatika akaanguka ubavu kwenye maji.

Hiyo ilikuwa Malaba, upande wa Uganda, Aprili 2019, kwenye foleni ya malori yanayotoka Mombasa kuja Kampala. Mimi ni mtu wa Tororo. Nyumbani tunaongea Dhopadhola, lakini kazini ni Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku, kwa sababu madereva wanatoka kila kona na hiyo ndiyo lugha tunayoelewana. Kazi yangu ni kuwafuata walipokwama. Nina mashine ya kuchomelea yenye injini yake, nimeifunga nyuma ya pikapu; haihitaji umeme wa mtu. Inatoa umeme wa kuchomelea, na pembeni ina soketi za volti 240 za kuendeshea grainda, drili na taa.

Kijana alikuwa hai. Kwenye kiganja cha kulia alikuwa na alama mbili ndogo nyeupe, ngumu kama nta, na alisema moyo unamwenda mbio. Tuliacha trela pale pale nikampeleka hospitali. Walimpima moyo, wakamweka chini ya uangalizi hadi asubuhi, maana aliyenaswa na umeme anaweza kuonekana mzima kisha moyo ukamgeuka baadaye. Usiku huo nilimpigia dada yangu simu. Nilimweleza kila kitu, na alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Jambo lililonikosesha usingizi ni kwamba nilikuwa nimeweka athi, waya wa usalama wa kuunganisha mashine na ardhi. Kabla ya kuwasha injini nilipigilia kipande cha nondo cha nusu mita hivi kando ya barabara, nikazungushia waya, nikaufunga kwenye fremu ya mashine. Nilifanya hivyo kila siku ya mvua na nilijiona fundi mwangalifu. Nilirudia kichwani mara kumi: athi ilikuwepo, kwa nini mtoto apigwe?

Nilimpelekea swali hilo mzee mmoja wa Tororo, fundi wa umeme aliyekwisha kustaafu, ambaye watu humletea mota zilizoungua. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Umesema uliweka athi," akaniambia. "Athi gani?"

"Ya chini, Mzee. Nilipiga nondo."

"Nimekuuliza athi gani, mwanangu, kwa sababu mashine hiyo ina tatu, na nyinyi vijana wa kuchomelea zote mnaziita jina moja."

Swali hilo limenifundisha kuliko miaka yote niliyokuwa nimeshika holda, kile kishikio cha kijiti cha kuchomelea. Sisi tunaita athi ile kebo nene yenye kibano kinachouma chuma. Tunaita athi ule waya wa kijani na njano ndani ya kebo ya grainda. Tena tunaita athi nondo iliyochomekwa ardhini. Ni vitu vitatu vyenye kazi tatu, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine.

Aliniambia nilete grainda. Ilikuwa ya zamani, mwili wake wote wa chuma. Aliifungua mezani, akanionyesha mahali kebo inapoingilia. Ile ganda ya mpira inayozuia kebo isikunjike ilikuwa imepasuka, na waya wa kahawia, ule unaoleta umeme, ulikuwa umechubuka kwa kusuguana na ukingo. Shaba ilionekana kwa upana wa punje ya mchele. Pale ndipo ilipokuwa ikigusa mwili wa grainda. Kisha akaenda upande wa pili wa kebo, ambako hakukuwa na plagi. Plagi ya pini tatu ilikuwa imevunjika miezi kadhaa nyuma, nikaikata, nikawa nachomeka nyaya mbili moja kwa moja kwenye soketi na kuzishindilia kwa kijiti. Waya wa tatu, ule wa kijani na njano, niliukunja nyuma nikaufunga kwa tepu usinisumbue. Aliifungua tepu ile taratibu, akaunyoosha waya, akauweka juu ya meza mbele yangu. Hakusema kitu. Shaba yake ilikuwa bado inang'aa, haijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Baadaye akachora chini kwa kijiti. Umeme wa jenereta unatafuta kurudi kwenye jenereta yenyewe. Ardhi kwake ni njia tu, si mwisho wa safari. Katika mashine yangu waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, umefungwa kwenye fremu humo ndani. Kwa hiyo umeme ulitoka kwenye waya uliochubuka, ukaingia mwili wa grainda, ukapita mikono ya kijana, ukashuka magotini, ukaingia tope, ukaifuata nondo yangu, ukapanda kwenye fremu na kurudi nyutro. Duara limekamilika. Nondo niliyoipiga kwa ajili ya usalama ndiyo iliyoufungulia umeme mlango wa kurudi kwa kupitia ardhi. Mashine ilikuwa imekaa juu ya matairi na mpira. Bila nondo ile, njia ya tope ingekuwa ngumu zaidi kwa umeme. Nilimwomba arudie. Alirudia.

"Lakini breka, Mzee? Kwa nini haikuruka?"

Akapiga hesabu. Nondo iliyopigwa vizuri, ndefu, kwenye udongo wenye unyevu, tuseme ina ukinzani, yaani nguvu ya kuuzuia umeme, wa omu 25. Gawa volti 240 kwa 25, unapata ampea zisizofika 10. Breka ya soketi yangu, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ni ya ampea 20. Hata waya wenye umeme ungegusa nondo ile moja kwa moja, breka ingekaa tu inatazama. Na kipande changu cha nusu mita kina ukinzani unaozidi omu 25 kwa mbali. Sasa weka mwili wa mtu katikati: ampea zinashuka hadi sehemu ndogo ya ampea moja, ambayo breka haiwezi kuihisi, ila moyo unaihisi. Vifaa vile vinavyokata umeme kwa kuhisi uvujaji huwekwa kukata kwenye miliampea 30 kwa sababu hiyo. Breka ya ampea 20 iliwekwa kulinda waya usiungue.

Kinachoangusha breka ni ule waya wa tatu. Ungekuwa umefika kwenye pini yake, basi dakika ile ile waya wa kahawia ulipogusa chuma, umeme ungerudi kwenye fremu kwa njia ya shaba tupu, bila ukinzani wa kutajika, ampea nyingi kwa mkupuo, breka chini. Mpwa wangu angeinua kichwa aniulize, Mjomba, mbona grainda imezima?

Nilinunua plagi siku hiyo hiyo. Sasa kila kifaa changu kina plagi ya pini tatu, au ni kile chenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambacho kimetengenezwa na kinga maradufu na hakihitaji waya wa tatu. Asubuhi, kabla injini haijawaka, tunachukua mita ya kupimia umeme, tunaiweka kwenye mlio, yaani inalia ncha zake mbili zikiwa zimeunganishwa na chuma. Ncha moja kwenye pini ya athi ya plagi, nyingine kwenye chuma cha kifaa: lazima ilie. Halafu ncha moja kwenye tundu la athi la soketi, nyingine kwenye fremu ya mashine, mahali palipokwanguliwa rangi: lazima ilie. Kazi hiyo haifiki hata dakika tatu. Nimeongeza pia kile kifaa cha kukata kwa miliampea 30, chenye kitufe cha kujaribia, na kitufe hicho tunakibonyeza kila siku mashine ikishawaka. Kinanifaa kwa kuwa nyutro ya mashine yangu imefungwa kwenye fremu. Zipo mashine ambazo nyutro yake inaelea, haijafungwa popote, na kwa hizo kifaa hicho kinaweza kukaa kimya wakati mtu ananaswa. Kitabu cha mashine kinasema ipi ni ipi. Kitabu changu kilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni tangu nilipoinunua.

Niliposoma kitabu hicho nilikuta jambo ambalo ningebishana nalo mwezi mmoja nyuma: mashine inayojizalishia umeme, ikilisha tu vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi zake, haihitaji nondo ya ardhini. Fremu yenyewe ndiyo nyumbani kwa umeme huo. Nondo inahitajika pale mashine inapounganishwa na wayaringi wa jengo, au sheria za eneo la kazi zinapoitaka. Nimewahi kuingia kazini mahali ambapo msimamizi wa usalama aliitaka, tukaipiga ndefu na kwa viunganishi vinavyofaa. Sikubishana. Lakini sikuiacha ichukue nafasi ya waya wa tatu.

Kitabu kilidai kitu kingine ambacho sikuwa nacho. Mashine ikifungwa juu ya gari, fremu yake lazima iungane na chasisi kwa chuma. Mimi nilikuwa nimeitandikia mpira mnene ili isiteleze na isitetemeshe bodi, na miguu yake ina mipira pia. Kwa hiyo mashine na pikapu vilikuwa kama majirani wasiosalimiana: hitilafu ikiingia kwenye bodi ya gari, breka haina habari, na mtu wa kwanza kugusa gari kwa mkono huu na mashine kwa mkono ule ndiye atakayekuwa waya. Nilitoa kipande cha kebo ya shaba ya milimita 16 za mraba, nikabana lagi, kile kichwa chenye tundu cha kufungia kebo kwenye bolti, pande zote mbili, nikakwangua rangi ya chasisi hadi chuma, nikafunga kwa bolti, nikapaka grisi juu isishike kutu. Upande wa pili uko kwenye ile bolti ya mashine yenye alama ya mistari mitatu inayopungua kwenda chini.

Athi ile nyingine, ya kibano, nayo ilikuwa imenitoza karo mapema, ila wakati huo sikuelewa ni somo. Kwa haki hiyo haistahili hata kuitwa athi. Ni kebo ya kurudi. Ampea 120 zinazotoka kwenye holda lazima zirudi mashineni, na zitarudi kwa njia yoyote utakayoziachia. Miaka miwili kabla ya ajali ya kijana, nilichomelea bampa ya nyuma ya trela huku kibano nimekiuma kwenye fremu ya kichwa cha lori, kwa sababu ndiko kebo ilikofika. Nilidhani chuma ni chuma, vyote vimeshikana. Lakini kati ya kichwa na trela kuna sahani iliyojaa grisi na pini moja. Umeme ulipata njia nyepesi zaidi: waya mwembamba wa athi ndani ya ile kebo ya msokoto inayopeleka taa kwenye trela. Kijiti cha tatu cha kuchomelea kilikuwa hakijaisha dereva alipoanza kupiga kelele. Kebo ya taa ilikuwa inatoa moshi mweupe, plastiki inadondoka juu ya matairi. Nililipa kebo nzima, na dereva alikosa nafasi yake kwenye foleni.

Umeme wa kuchomelea ukipitia kwenye beringi za gurudumu ni hatari ya kimyakimya zaidi. Unaruka kutoka gololi hadi gololi na kila unaporuka unaacha kidonda kidogo. Nimeona beringi ya namna hiyo ikifunguliwa: njia ya gololi ilikuwa na madoa ya kijivu, yamejipanga kama alama za ndui. Gurudumu hilo halifiki mbali likiwa na mzigo. Minyororo na kamba za chuma za kunyanyulia nazo hudhurika hivyo hivyo, na ukiangalia kwa nje huoni kitu. Siku hizi kibano changu kinakaa kwenye kipande kile kile ninachochomelea, hatua moja au mbili kutoka kwenye ufa, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Na dereva anafungua betri kabla sijaanza, kwa sababu malori ya siku hizi yana kompyuta.

Kebo zenyewe ndizo watu wanazozidharau kuliko vyote. Kuna wakati nilitumia kebo ya milimita 16 za mraba kwa sababu ilikuwa nyepesi na ya bei nafuu, mita 30 kwenda na mita 30 kurudi. Moto ulikuwa dhaifu, kijiti kinanata, nami nikawa napandisha ampea nikiilaumu mashine. Yule mzee alinipigia hesabu hiyo pia. Mita 60 za shaba ya unene huo zina ukinzani wa omu 0.066 hivi. Kwa ampea 120 unapoteza karibu volti 8 njiani, na moto wa kuchomelea wenyewe unafanya kazi kwenye volti 25 au chini kidogo. Karibu wati 950 zilikuwa zinageuka joto ndani ya mpira wa kebo, tena mafuta nanunua mimi. Kwa kebo ya milimita 35 za mraba upotevu unashuka chini ya volti 4. Nilibadilisha zote mbili, ile ya kwenda na ile ya kurudi, kwa sababu unene wa moja haufidii wembamba wa nyingine. Na ile inayobaki siiachi imeviringishwa, naitandaza.

Mahali kebo inapofungwa kwenye mashine nimeona makosa ya mafundi wakubwa. Lagi lazima ilale moja kwa moja juu ya shaba ya mashine, bapa kwa bapa. Wengi huweka washa katikati, ile pete bapa ya chuma, eti ishike vizuri. Ile washa ndiyo inayokuwa jiko. Nati inakuja juu ya lagi na inakazwa kwa spana, si kwa vidole, na injini ikiwa imezimwa. Ikilegea hata kidogo, inachemka. Ikichemka, inalegea zaidi. Niliwahi kufungua mashine ya mwenzangu ambayo plastiki iliyozunguka bolti ilikuwa imeyeyuka ikatiririka kama nta ya mshumaa, na lagi imegeuka rangi ya zambarau. Mimi baada ya kuchomelea kwa dakika kumi nazima injini, nageuza mkono, napitisha mgongo wa kiganja kwenye maungio: bolti mbili, kibano, mkia wa holda. Palipo na joto kuliko kebo yenyewe, pana ugonjwa. Napafungua, napasugua kwa brashi ya waya, napakaza upya.

Usidhani upande huo ni salama kwa kuwa volti zake ni ndogo. Holda ikiwa imepumzika, bila moto, ina volti kati ya 60 na 80, na ndani ya glavu iliyolowa jasho au mvua zinatosha kumkakamaza mtu aliyelala juu ya chuma chini ya trela. Ndiyo maana ninabeba glavu pea tatu na kipande cha ubao mkavu cha kulalia. Glavu zikilowa zote, kazi imesimama.

Kuna ombi moja ninalolikataa na linanipotezea wateja. Umeme wa mji ukikatika, mwenye duka ananifuata: chomeka mashine yako kwenye soketi yangu ya ukutani, friji zisiharibike. Ananiletea waya wenye plagi pande zote mbili. Bila swichi ya kubadilishia, inayolitenga duka na laini ya mji, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, umeme wangu utatoka kupitia mita yake hadi transfoma ya mtaani, na transfoma haichagui upande. Volti 240 zikiingia kwa nyuma zinatokea huko juu zikiwa 11,000 au 33,000. Huko juu ya nguzo kuna mtu wa shirika la umeme ambaye ameambiwa laini imekufa. Namwambia mwenye duka alete kebo ndefu ya pini tatu kutoka soketi ya mashine yangu hadi kwenye friji yake, moja kwa moja. Wapo wanaokubali. Wapo wanaoondoka wamenuna.

Mpwa wangu alirudi kazini baada ya wiki tatu. Dada yangu ndiye aliyeamua, baada ya kuja mwenyewe kuangalia mashine, akaniuliza maswali, akataka aonyeshwe kila waya. Zile alama mbili za kiganjani zimebaki hadi leo. Mita anaishika yeye, na haruhusu mtu mwingine aishike. Wiki iliyopita dereva mmoja alikuwa anatuharakisha, foleni inasogea, honi nyuma zinalia, na kijana amechuchumaa juu ya pikapu na ncha moja kwenye soketi, nyingine anaitafutia chuma safi kwenye fremu, maana vumbi lilikuwa limepafunika. Dereva akaniambia, mzee, mwambie kijana wako awashe mashine. Nikamwambia asubiri. Kijana alipafuta kwa kidole gumba, akaweka ncha tena, mita ikalia, akashuka, ndipo akavuta kamba ya injini.